Filamu Bubu Hazikuwa Bubu

Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawana kazi. Taa zao zinashindwa na mwezi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inalala Kibirizi na Katonga, na watu waliozoea kukesha ziwani wanajikuta wako macho mjini bila la kufanya. Mjomba wangu aliijua ratiba hiyo kuliko kalenda ya ukutani. Alikuwa na kibanda umiza pale Mwanga, Kigoma mjini: mabati, mabenchi sita, televisheni moja ya chogo, deki moja, spika mbili na jenereta nyuma ya ukuta. Kiingilio shilingi 200. Siku za giza wateja walikuwa sisi wanafunzi. Siku za mbalamwezi walikuja wavuvi, na kibanda kilinuka ziwa.

Filamu zetu zilikuja kwa treni. Kigoma ni mwisho wa reli tangu 1914, na kila kitu kinachotoka Dar es Salaam kinafika kikiwa kimechoka: magazeti ya juzi, nguo za mwaka jana, sidii zenye mikwaruzo. Zilizopendwa zaidi ni zile zenye sauti ya Lufufu. Kwa msomaji aliyekulia kwenye nyumba yenye king'amuzi, nieleze kidogo. Lufufu na wenzake waliitwa watafsiri, lakini walichofanya si tafsiri ya sentensi kwa sentensi. Mtafsiri aliichukua filamu nzima mdomoni mwake. Aliwapa wahusika majina, aliwaonya kabla hawajapigwa, aliwakejeli wakishapigwa, na mambo yakipoa alitia methali. Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana VJ Jingo. Sisi tulikuwa na Lufufu, na filamu isiyokuwa na sauti yake tuliiona kama chai isiyo na sukari.

Usiku mmoja wa mwaka 2007 sidii ya Lufufu ikagoma. Mjomba akaitoa, akaifuta kwa shati, akairudisha, ikagoma tena. Wavuvi walikuwa wameshalipa. Akaingiza ya kwanza iliyomjia mkononi, zawadi ya mfanyabiashara aliyemletea mzigo: Charlie Chaplin, filamu nyingi kwenye sidii moja, jalada limechapishwa vibaya. Ikatokea theluji, mstari wa watu wakipanda mlima, na kinanda. Watu wakasubiri. Kinanda kikaendelea. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Sauti!" Mjomba akazipiga spika kofi. Wala haikusaidia, kwa sababu spika hazikuwa na kosa. Ilikuwa *The Gold Rush* ya 1925, filamu bubu.

Ndipo mvuvi mmoja wa Katonga, mtu wa makamo tuliyemwita Mzee wa Karabai, akanyanyuka, akachukua kipaza sauti ambacho mjomba alikitumia kutangazia filamu za kesho, akaanza.

"Huyu bwana mdogo mnayemwona ametoka Kasulu. Anakwenda Geita kutafuta dhahabu. Alichokosea ni njia. Amepitia Kilimanjaro."

Sitajaribu kuisimulia yote, kwa sababu siikumbuki yote, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Nakumbuka vipande. Pale Chaplin na mwenzake wanapokula kiatu kilichochemshwa, Chaplin akazungusha kamba za kiatu kwenye uma na kufyonza misumari mmoja mmoja, Mzee wa Karabai alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni mezani, "Taratibu. Huyo ni mgebuka wa juzi, miiba yake migumu." Chaplin alipoingia ukumbini mwa dansi akiwa na suruali inayomvuka, aliamkia "Mwakeye!" kwa Kiha, na kibanda kizima kikaitikia. Na usiku wa mwaka mpya, Chaplin anapoandaa meza na kuwangoja wasichana walioahidi kuja, anasinzia, anaota wamekuja, na katika ndoto anachukua mikate miwili na nyuma mbili na kuichezesha kama miguu. Hapo Mzee wa Karabai alinyamaza. Hakusema neno hata moja mpaka ngoma ya mikate ilipokwisha. Chaplin alipozinduka na kukuta viti vitupu, alisogeza kipaza sauti karibu na mdomo na kusema, "Hawaji hao, ndugu yangu. Lala."

Kesho yake mjomba alimwita arudie, akamrekodi kwa redio kaseti kwenye kaseti ya dakika 90. Kuanzia hapo kibanda kikawa na toleo lake la *The Gold Rush*: picha kwenye deki, sauti kwenye redio. Mjomba alibonyeza vyote viwili kwa mpigo mmoja, na katikati aligeuza kaseti huku akiomba Mungu. Filamu ilikuwa ndefu kuliko kaseti. Mwisho wake, Chaplin akiwa tajiri melini, ulikuwa bubu siku zote.

*

Mwaka jana rafiki aliyekuwa akisoma Ulaya aliniletea toleo la *The Gold Rush* lililotolewa na kampuni ya Criterion mwaka 2012. Nimelitazama mara nne, nyumbani Ujiji, kwenye kompyuta ya kuazima diski. Ninataka kuliandika kama mhakiki anavyopaswa kuandika, yaani kusema lina nini, limefanya nini vizuri na limekosa nini. Nitakiri mapema kwamba naliandika kama mtu aliyelelewa na kaseti ya dakika 90.

Kwanza, picha. Mtu aliyezoea nakala za mtaani hawezi kuelewa kazi ya kukarabati filamu mpaka ayaone macho ya Chaplin. Kwenye sidii ya mjomba uso wake ulikuwa unga mweupe wenye matundu mawili. Hapa anakutazama. Kufika hapo si kazi ya kubonyeza kitufe. Filamu za wakati huo zilichapwa kwenye nitrati ya selulosi, kitu kinachowaka haraka kama kiberiti na kinachooza hata kikiwa kimefungiwa kopoli. Wakarabati hukusanya nakala kutoka hifadhi za nchi mbalimbali, huziweka bega kwa bega, na kuchagua kipande kwa kipande ipi ina picha safi zaidi. Kisha husafisha mikwaruzo, hupanga upya maandishi, na huamua mwendo. Huo mwendo ni jambo kubwa. Kamera za zamani zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi fremu 16 hadi 20 kwa sekunde. Ukizipitisha kwa 24 au 25 watu wanakimbia kama siafu. Sisi tulidhani watu wa zamani walitembea hivyo.

Na waliookolewa ni wachache. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti wa David Pierce: kati ya filamu ndefu bubu 10,919 zilizotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1929, zilizobaki katika umbo lake la asili ni 1,575, yaani asilimia 14. Kwa hiyo anayeshika diski kama hii ameshika kitu kilichonusurika, na shukrani inastahili.

Pili, na hapa ndipo utamu ulipo, diski hii ina *The Gold Rush* mbili. Mwaka 1942, filamu bubu zikiwa zimeshakufa, Chaplin aliitoa tena filamu yake. Aliondoa vibao vya maandishi, akatunga muziki, na akaweka sauti yake mwenyewe ikisimulia kila kitu. Dakika 95 zikawa 72. Alikata filamu ya asili ili kupata hiyo mpya, na ndiyo maana toleo la 1925 ilibidi lije kujengwa upya na wengine kutoka kwenye nakala zilizosalia. Kazi kubwa ya kwanza ilifanywa na Kevin Brownlow na David Gill, na mwaka 2025, filamu ilipotimiza miaka 100, Cineteca di Bologna ikaikarabati tena na ikaonyeshwa Cannes. Hata sidii ya mjomba ina maelezo yake katika historia hii. Hakimiliki ya toleo la 1925 iliachwa ikafa Marekani, kwa hiyo kila mwenye mashine ya kunakili aliweza kulitoa. Lile la bure ndilo lililofika mwisho wa reli, na lilikuwa bubu.

Niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba Chaplin mwenyewe aliwahi kuwa Lufufu wa filamu yake, nilicheka peke yangu. Nikaweka toleo la 1942 kwa hamu. Baada ya dakika kumi nikaizima sauti.

Tatizo halikuwa sauti yenyewe, kwani ni nzuri, ya mzee mpole anayewasomea wajukuu. Ila inasimulia tunachokiona. Mtu anaingia, sauti inasema ameingia. Mtu ana njaa, sauti inatuambia ana njaa, ilhali mwaka 1925 Chaplin alikuwa ameshatuonyesha njaa hiyo kwa kiatu. Zaidi ya hapo, msimulizi wa 1942 anaibadilisha hadithi. Katika toleo la kwanza, msichana Georgia anamwandikia barua ya mapenzi mwanamume mwingine, yule jeuri, na jeuri kwa dhihaka anaifikisha kwa Chaplin, naye anaamini ni yake. Ni jeraha zito. Katika toleo la pili barua ni ya Chaplin tangu mwanzo. Mwisho wa toleo la kwanza wapenzi wanabusiana melini kwa muda mrefu, na katika la pili busu limeondolewa. Mzee amerudi kwenye ujana wake akiwa na mkasi, amelainisha aibu na kufuta busu, na juu yake ameweka sauti ya kutuhakikishia kwamba hakuna kilichokatwa.

Wahakiki wengi hulipenda zaidi toleo la 1925, na sababu yao ya kawaida ni kwamba filamu bubu iachwe bubu. Mimi nakubaliana na hukumu lakini siikubali sababu. Mzee wa Karabai naye aliongea juu ya filamu ileile, tena aliongea zaidi. Kwa nini yeye hakuiharibu?

Nadhani ni kwa sababu alijua wapi anyamaze. Na kwa sababu hakujifanya mwenye filamu. Chaplin wa 1942 anaongea kutoka ndani, kama mungu wa kijiji kile cha theluji. Mzee wa Karabai aliongea kutoka kwenye benchi letu. Alikuwa mtazamaji kama sisi, ila mwenye mdomo. Alipomwambia Chaplin "Hawaji hao," hakutueleza jambo tusilolijua. Alisema kile ambacho kila mvuvi aliyewahi kungoja mnunuzi ufukweni alikuwa anakifikiri. Maneno yake yaliongeza mtu mmoja kwenye ile meza tupu, na mtu huyo alikuwa wa Kigoma.

*

Kuna kosa la kihistoria ndani ya neno "bubu". Filamu hizi hazikuwahi kutazamwa kimya. Palikuwa na kinanda, palikuwa na bendi, na Japani palikuwa na benshi, mtu aliyesimama pembeni ya kitambaa akisimulia na kuigiza sauti zote. Benshi walikuwa nyota. Watu walinunua tiketi kwa jina la benshi kabla ya jina la filamu. Ninapowaambia marafiki zangu wasomi kwamba kibanda umiza ni ndugu wa ukumbi wa Tokyo wa miaka ya 1920, wananitazama kama natania.

Na kwetu? Kwetu kuna kisa ambacho kila anayependa filamu Tanzania angepaswa kukijua. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, palikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka Carnegie Corporation ya New York, waendeshaji walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, na lengo lilikuwa kuwafundisha Waafrika kwa picha: ulipaji wa kodi, benki ya akiba ya posta, safura na vyoo, mmomonyoko wa udongo. Walitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki na ya Kati. Waigizaji walikuwa watu wa hapahapa. Kati ya filamu hizo 35 zimebaki tatu, ziko London kwenye hifadhi ya British Film Institute. Moja inahusu wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro, nyingine safura, nyingine mafunzo ya utabibu wa mifugo.

Tatu kati ya 35. Lakini si hesabu hiyo iliyonikosesha usingizi nilipoisoma. Ni jinsi zilivyotengenezwa. Ili kupunguza gharama walitumia utepe mwembamba wa milimita 16, na sauti hawakuitia ndani ya utepe. Waliirekodi kando, kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za walikopita. Lori lilifika kijijini, mtu akawasha mashine ya picha, na sahani ikazunguka pembeni, vyote kwa mpigo mmoja.

Yaani mashine ya picha na sahani pembeni, deki na redio kaseti. Mjomba wangu hakuwahi kusikia habari za Vugiri, lakini alifika palepale kwa akili yake na kwa umaskini wake.

Basi fikiria maana ya kukarabati filamu kama hiyo. Ukichukua utepe wa Kingolwira, ukausafisha fremu kwa fremu mpaka kila jani la mtama lionekane, bado umekarabati nusu. Kilichozungumza na watazamaji kilikuwa kwenye sahani, kwa lugha yao, kwa mdomo wa mtu fulani. Picha ikitengana na sahani yake inakuwa bubu, na mtu wa leo anayeitazama atasema, "Filamu za zamani zilikuwa bubu," na atakuwa amekosea mara mbili.

Sisemi sahani zile zilisema maneno ya kupendeza. Ulikuwa mradi wa kikoloni, na waliouendesha waliamini mtazamaji wa Kiafrika ni mtoto. Katika miaka hiyo William Sellers wa Nigeria, aliyekuja kuongoza kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa 1939, alishikilia kwamba watu wasiosoma wanahitaji filamu za polepole, picha zisizobadilikabadilika, bila ujanja wowote wa kamera. Ningependa Sellers angekaa benchi la nyuma pale Mwanga, usiku wa mbalamwezi, awatazame wavuvi wasiosoma wakiicheka ndoto iliyo ndani ya filamu, wakajua ni ndoto, wakamhurumia aliyeiota. Lakini hata sauti ya dharau ni ushahidi. Na huenda haikuwa dharau tupu. Mtu aliyesoma maneno ya Notcutt kwa Kiswahili alikuwa na ulimi wake, na anayejua Kiswahili anajua mambo mangapi yanaweza kuingia kati ya sentensi uliyopewa na sentensi unayoisema.

*

Mwaka uleule wa 1925, huku Chaplin akila kiatu, Mwingereza M. A. Wetherell alitoa filamu bubu iitwayo *Livingstone*, iliyopigwa Afrika. Aliiongoza mwenyewe na kuigiza Livingstone mwenyewe, na mkutano wa Ujiji umo. Ujiji ni kwetu. Tumekua na hadithi hiyo kama wengine wanavyokua na hadithi ya sungura na fisi: mwembe, makumbusho, zile sanamu mbili zinazovuliana kofia. Nimetafuta filamu hiyo madukani na sokoni kwa miaka na sijawahi kuikuta.

Wetherell anafahamika zaidi kwa jambo jingine. Mwisho wa 1933 gazeti la Daily Mail lilimpeleka Scotland kumsaka mnyama wa ajabu wa ziwa Loch Ness. Akapata nyayo. Wataalamu wakazichunguza na kukuta ni za kiboko, tena mguu mmoja uliokaushwa, uliogandamizwa kwenye tope mara kadhaa. Mwaka uliofuata alihusika katika kutengeneza ile picha maarufu ya shingo ndefu majini. Nikipita ufukweni na kusikia viboko usiku huwa namfikiria, mtu aliyewaletea Waingereza Ujiji kwenye kitambaa, kisha akawaletea mguu wa kiboko na kuuita muujiza. Sitaki kusema filamu yake ni ya uongo. Nasema tu kwamba ikitoka siku moja kwenye diski, ikiwa safi, na muziki mpya, na maelezo ya mtaalamu wa London, nitataka kujua nani ameketi kwenye benchi la Ujiji.

Maana diski zina nafasi hiyo. Matoleo mengi mazuri ya filamu bubu huwa na sauti ya ziada: unabonyeza kitufe, na mwanachuoni anaongea juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, akikuonyesha hiki na kile. Ni mtafsiri huyo, ila ana shahada. Wajapani wameshakwenda mbele zaidi. Katika mfululizo wa *Talking Silents*, kampuni ya Digital Meme ilitoa filamu bubu zikiwa na sauti za benshi, kwa sababu bila benshi zisingekuwa filamu zilezile. Hapa ndipo diski yangu ya Criterion inapokosa kitu, na si kosa lao: wametupa toleo la 1925 na toleo la 1942, lakini maisha ya filamu hii hayakuishia kwa mwenyewe. Iliendelea kwenye vibanda, kwenye midomo ya watu ambao jina lao haliko kwenye jalada lolote.

Ningekuwa na uwezo, ningeanza na zile tatu zilizoko London. Ningeomba zitolewe kwenye diski moja, zikiwa na sauti tatu za kuchagua. Ya kwanza kimya, kama utepe ulivyobaki. Ya pili maelezo ya mwanahistoria. Ya tatu Kiswahili, kwa mtafsiri wa kibandani, aachwe aseme atakavyo juu ya shamba la Kingolwira. Na jalada liandike jina lake kwa herufi sawa na za Notcutt.

*

Mwaka 1978, katika mji wa Dawson City kaskazini mwa Kanada, watu wa ujenzi walichimba wakakuta mamia ya reli za filamu bubu ardhini, zikiwa zimehifadhiwa na baridi. Zilihesabiwa 533. Dawson ndio mji wa dhahabu ya Klondike, dhahabu ileile anayoifuata Chaplin kwenye *The Gold Rush*. Filamu zilibaki pale kwa sababu Dawson ilikuwa mwisho wa njia. Zilifika zimechakaa, na wenyewe hawakuona faida ya kulipia zirudi. Zikatumika kufukia bwawa la kuogelea. Hata *Metropolis* ya Fritz Lang, vipande vyake vilivyodhaniwa vimepotea milele vilipatikana mwaka 2008 Buenos Aires, mbali kabisa na Berlin. Mara nyingi ni hivyo. Katikati hutupa kwa sababu wanapokea kipya kila wiki, na mwishoni mwa njia vitu hubaki.

Ningependa kumalizia hapo, kwa kusema Kigoma ni mwisho wa reli na kwa hiyo tumehifadhi. Hatukuhifadhi. Kaseti ya Mzee wa Karabai niliifuta mimi. Nilikuwa kidato cha pili, redio ilikuwa inapiga nyimbo kumi bora, sikuwa na hela ya kaseti tupu, na pale kwenye kabati la mjomba palikuwa na kaseti moja isiyoandikwa kitu. Niliziba vile vitundu vya juu kwa karatasi, nikarekodi pande zote mbili. Mjomba alipogundua hakunipiga. Alisema, "Basi, tutamwita tena." Lakini Mzee wa Karabai alikuwa ameshavuka kwenda upande wa Kongo kwa ndugu zake, na hakurudi. Miaka michache baadaye kila mtu alikuwa na filamu kwenye simu, na kibanda kikawa duka la vifaa vya ujenzi.

Kwa hiyo nikisoma kwamba kati ya filamu 35 za Vugiri zimebaki tatu, siwezi kuwanyooshea kidole watu wa hifadhi. Najua jinsi kitu kinavyopotea. Wala hakihitaji moto wala kuoza. Kinahitaji kijana mwenye haraka na kaseti isiyoandikwa jina.

Mwezi uliopita nilibeba kompyuta na diski nikaenda kwa mjomba, Mwanga. Nilimwekea toleo la 1925. Alishangaa ule weupe wa theluji. Akauliza kama ni filamu ileile. Nilikuwa nimetayarisha simu ya kurekodi, nikamwambia, "Mjomba, niambie alikuwa anasemaje hapa." Akajaribu. Kilimanjaro aliikumbuka, mgebuka aliukumbuka, na kuna utani mmoja kuhusu yule mtu mnene anayemwona Chaplin kuwa kuku, ambao mimi nilikuwa nimeusahau kabisa. Mengine hayakuja. Akaniambia, "Mjomba, na wewe ulikuwepo. Sema basi." Nikasema niliyoyaweza, vibaya, huku wajukuu zake wakinicheka.

Tulipofika kwenye ile meza, Chaplin akachukua mikate miwili, nilikuwa katikati ya sentensi. Mjomba akainua kidole. Nikanyamaza.